Shangazi, nataka kwenda Dar peke yangu nikatafakari, mume amegoma

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 34, naishi Uyole, Mbeya, na mume wangu muuza viazi, tuna watoto watatu. Nimechoka. Tumevunja kikoba, nauli ninayo, nataka nikae Dar wiki mbili peke yangu nitafakari maisha. Mume ana wivu, ananihoji eti nitalala wapi. Mama mkwe naye anataka nisubiri hadi viazi vitoke shambani. Nitafikia kwa rafiki wa chuo, Sinza. Kwani mimi sina haki ya kupumzika?*
*Mchovu, Uyole*

Marahaba mwanangu, na pole. Watoto watatu na shamba la viazi vinachosha, sikatai.

Lakini ushahidi wako wa wivu ni upi? Kwamba mume ameuliza utalala wapi! Huyo anataka kujua atakupata wapi basi likikwama mlima wa Kitonga usiku. Na huyo rafiki wa Sinza umemchomeka mwishoni, hana jina wala hatujui ni wa kike au wa kiume. Mwanamke mwenye shoga husema "shoga yangu". Mimi nimeliona hilo kwa kusoma barua moja tu, sembuse anayelala na wewe kila siku.

Mama mkwe simwoni na kosa. Viazi vikichimbwa vikaachwa juani vinageuka kijani, mnunuzi anavitupa pembeni, na vibarua hawalishwi na mtu aliyeko Sinza. Hayo unayajua kuliko mimi. Hao watoto watatu nao hukusema utamwachia nani, ila nahisi ni bibi yao huyohuyo.

Ndoa za siku hizi kila mtu anadai nafasi yake. Zamani mwanamke aliyechoka alirudi kwao, akakaa hata mwezi, na upande wa mume ukajua alipo na kinachomuudhi, wakamfuata wakasuluhishwa. Mapumziko yalikuwepo ila yalikuwa na anwani. Wewe hujaandika hata sentensi moja ya kinachokusumbua nyumbani. Mficha uchi hazai. Mwambie mumeo hilo kwanza, kabla ya kukata tiketi.

Kama kweli unataka utulivu, Sinza ni baa na muziki hadi alfajiri. Shuka Kyela, uendelee hadi Matema, ukae ufukweni mwa Ziwa Nyasa siku tatu. Toka asubuhi, maana gari za kutoka Kyela kwenda Matema huadimika jioni.

Ukishikilia Dar, basi iwe baada ya mavuno, siku tano, tarehe ya kurudi aijue. Juni hadi Agosti joto la huko linavumilika kwa mtu wa baridi. Panda basi la alfajiri. Safari ni kama kilomita 830, saa 12 hadi 14, na lori likiharibika Kitonga hesabu nyingine. Utashukia stendi ya Mbezi Luis, na hapo hujafika mjini: hadi Posta ni zaidi ya kilomita 20. Usimfuate anayekunyang'anya begi akikuita dada. Panga usafiri ukiwa bado Kibaha.

Treni ya TAZARA, ikiwa inatembea wiki hiyo, ni ya polepole lakini inamfaa mwanamke aliye peke yake: vyumba vya kulala hutenganisha wanawake na wanaume. Uliza stesheni kwanza, kuchelewa ni kawaida yake. Huko Dar inaishia stesheni yake yenyewe Barabara ya Nyerere, kwa hiyo usimwelekeze mwenyeji akakusubiri stesheni ya SGR, ile treni mpya ya umeme.

Lala gesti, siyo kwa "rafiki". Beba kitambulisho, utaandikwa kwenye kitabu cha wageni. Chumba kiwe na feni na chandarua kisichotoboka. Ingia ukakague kabla ya kulipa. Mtumie mumeo jina la gesti na mtaa usiku huohuo. Pesa ya kurudi ibaki kwenye simu, maana Kariakoo itakula iliyo mkononi. Ukitaka kukaa kimya mbele ya bahari, vuka na pantoni kwenda Kigamboni siku ya kazi. Coco Beach Jumapili utakuta nusu ya jiji.

Na ukirudi Uyole ukapata homa ndani ya mwezi huo, usiseme ni mafua ya baridi. Nenda ukapime malaria, na umwambie daktari ulikuwa Dar.