Mdoli Umepotea au Amepotea?

Binti yangu alikuwa na miaka minne mdoli wake wa kitambaa ulipopotea. Nimeandika "ulipopotea" kwa makusudi, maana ndivyo nilivyosema siku ile: mdoli umepotea, tutanunua mwingine. Yeye alilia huku akisema, "Amepotea." Ilinichukua miaka miwili na mswada mzima kuelewa uzito wa herufi ile moja.

Nilinunua wa kufanana naye kwa kila kitu, gauni lile lile, nywele za uzi zile zile. Mtoto akampokea, akamnusa shingoni, akamlaza kitandani taratibu. "Huyu siye," akasema. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na huyu ni wa nani?"

Swali hilo ndilo lililozaa riwaya yangu ya watoto, kisa cha mshonaji mzee anayeokota midoli iliyopotea na kuitafutia makao mapya. Kama nawe unaandika kisa cha namna hii, haya niliyajua kwa kukosea.

Kosa kubwa lilikuwa haraka. Katika rasimu ya kwanza, mdoli alipotea sura ya kwanza, na kufikia sura ya tatu alikuwa mikononi mwa mtoto mwingine, wote wanacheka. Nilipomsomea binti yangu, hakucheka. Aliuliza, "Na yule wa kwanza bado analia?" Nilikuwa nimemsahau kabisa! Nilirudi nikamwandikia sura mbili zake mwenyewe, na hizo ndizo anazotaka kurudiwa mpaka leo.

Baadaye nilisoma utafiti wa wanasaikolojia Bruce Hood na Paul Bloom wa mwaka 2008. Watoto wa miaka mitatu hadi sita walionyeshwa mashine iliyodaiwa kutengeneza nakala ya kitu chochote. Kwa vitu vya kawaida vya kuchezea, nakala haikuwasumbua. Lakini wale waliozoea kulala na kitu fulani wakipendacho, wengi walikitaka kile kile cha asili, na wengine walikataa hata kukiingiza kwenye mashine. Kwa hiyo makao mapya katika hadithi yako yasifute makao ya zamani.

Kuna kisa ninachokirudia kila ninapokwama. Mwaka 1923 mwandishi Franz Kafka, akiwa Berlin na ugonjwa umemzidi, alimkuta msichana mdogo bustanini akilia kwa kupotelewa na mdoli. Dora Diamant, aliyeishi na Kafka, ndiye aliyesimulia. Kafka alimwambia mtoto kwamba mdoli amesafiri na ameandika barua, kisha kwa muda wa wiki tatu hivi akawa anamletea barua hizo na kumsomea, mpaka mdoli akaolewa na kuaga. Barua zenyewe hazijapatikana. Mimi hunigusa zile wiki tatu. Mtu mgonjwa vile, na bado hakumharakisha mtoto kuaga.

Jambo la pili ni mtoto anayepokea. Usimfanye fukara wa kushukuru tu. Wasomaji wadogo wanaijua dharau hata ikifunikwa kwa huruma. Mvulana wa riwaya yangu anakataa midoli mitatu mfululizo, kisha anamchagua mwenye sikio moja, na mshonaji hamuulizi sababu. Ukimpa mhusika haki ya kukataa, kukubali kwake kunakuwa na maana.

Vilevile usikarabati kila kitu. Acha mshono uonekane, acha rangi ipauke pale mkono wa kwanza ulipozoea kushika. (Ila macho ya vifungo nayashughulikia kwa njia nyingine: mshonaji wangu huyang'oa na kuyadarizi kwa uzi kabla ya kumkabidhi mdoli mtoto wa chini ya miaka mitatu, kwa kuwa kifungo kikitoka kinaweza kumkaba mtoto. Anayesomewa kitabu huenda ana mdogo wake.)

Na soma kwa sauti. Pale mtoto anapoanza kuchezea ncha ya shuka, kata.

Kuhusu "u" na "a", niliamua hivi: watu wazima kitabuni wanasema mdoli umepotea, watoto wanasema amepotea, na mshonaji pekee kati ya wazee ndiye anayesema kama watoto. Mhariri aliniomba nisawazishe. Nilimwomba asome sura ya mwisho, mahali ambapo mama anasema "amefika" kwa mara ya kwanza, na hakurudia ombi lake.

Yule mdoli wa pili alikaa dirishani miezi mingi. "Anamsubiri wake," binti yangu alisema. Siku binamu yake mdogo alipokuja kulala kwetu, binti yangu alimchukua mwenyewe bila kuambiwa na mtu, akamweka kando ya mto wa mgeni.

"Anaogopa giza," akamwambia. "Mlaze upande wa mlangoni, kuna mwanga."