Mtoto wa maandalizi na nafasi ya 29

Mimi ni mwalimu wa maandalizi, yaani chekechea, hapa Pemba. Juzi usiku mama mmoja wa Chake Chake kaniandikia: "Asalaam aleikum ukti. Mwanangu ana miaka minne, skuli wamemtoa wa 29 kati ya watoto 31. Nimtafutie tuisheni?" Usingizi ukaniruka. Ripoti kama hizo nimeziandika kwa mkono wangu miaka na miaka.

Mwaka wangu wa tatu hapa Wete nilikuwa na mtoto mmoja mkimya. Siku ya mtihani nikamwita mezani ahesabu moja mpaka ishirini. Akashika ncha ya shati, akatazama mlango. Nikaandika "hajui kuhesabu", kwa kalamu nyekundu. Wiki ile ile nikapita sokoni kwa bibi yake, muuza ndimu. Mjukuu ndiye aliyekuwa akipanga mafungu juu ya gunia, tano tano, midomo inacheza bila sauti. Fungu moja akakuta ndimu imeoza. Akaitoa, akatia nyengine, wala hakuhesabu upya. Alijua ni tano zile zile.

Kesho yake niliwatandikia kombe saba za pwani jamvini, wazihesabu, wale waliokwisha kuniimbia mpaka ishirini nikawapa mia kwa mia. Wengi walifika kumi, kombe nyengine wakizigusa mara mbili. Kuimba namba si kuhesabu. Kuhesabu ni kila kitu kipate namba yake moja, na ya mwisho ndiyo jumla.

Nikamwomba mwalimu mkuu tuondoe nafasi. Akasema wazazi watatuhama. Nikanyamaza, na kunyamaza kule kunaniuma mpaka leo, maana ripoti ilitoka vile vile na yule mtoto akachapwa nyumbani.

Sasa nina daftari, kila mtoto na kurasa zake. Watoto watatu kwa siku, wakiwa mchezoni: tarehe, nilichokiona, maneno yake mwenyewe. "Kavaa kandambili mwenyewe, kazipatia." Siandiki hodari, siandiki dhaifu.

Walimu wenzangu, mtazameni mtoto anapocheza. Sera ya Elimu ya 2006 iliyaingiza maandalizi katika elimu ya lazima hapa Zanzibar, nasi tukayageuza chumba cha mtihani. Tuogopeni Mungu kwa hizi kalamu nyekundu. Na nyinyi wazazi, msiulize kawa wa ngapi. Ulizeni leo kafanya nini. Mtazameni, tena mtazameni.

Yule mama nilimwambia tuisheni hapana. Mwite kwa nyuma, sauti ya chini, uone kama atageuka, kwani asiyesikia vizuri huonekana mzito. Kisha mpe vijiko awagawie watu wa nyumbani, kila mtu chake.

Asubuhi kanijibu: kageuka mara moja. Vijiko kagawa sita, na nyumbani wako watano. Cha sita kamwekea baba yake, yuko Unguja.