Ngozi ya mama inapasuka tangu aanze shimio (dawa za kupiga kansere), tumpake nini?

SWALI: Dada, salamu kutoka Kadutu, Bukavu. Mama yangu ana kansere ya titi. Tangu aanze shimio ngozi imekauka, mikono inapasuka, usiku anajikuna mpaka damu inatoka. Jirani ametuletea mafuta ya bei, yananukia vizuri lakini mama anasema yanamuchoma. Tufanye je?

JIBU: Pole sana kwa mama. Hayo ya kunukia wekeni kando leo leo, marashi na alkoli vinachoma ngozi ya hivyo, na someni kopo vizuri, maana mafuta mengi sokoni ni ya kujichubua, yana dawa za kung'arisha ngozi kama hidrokinoni ama kortikoidi, na hayo kwa mutu wa shimio hapana kabisa (hata kwa mzima, lakini tuache hiyo).

Shimio inapiga seli zinazozaliwa haraka, za kansere lakini na za ngozi pia, ndiyo ngozi inakosa mafuta yake na maji yanatoroka. Vaselini isiyo na harufu inatosha, ama krimu ya gliserini. Shida kubwa ni saa ya kupaka. Vaselini haileti maji, inafunga tu yale yaliyopo, sasa ukipaka juu ya ngozi iliyokwisha kauka unafunga nini? Mama aoge haraka na maji ya vuguvugu, si yale ya moto tunayopenda asubuhi za baridi hapa Bukavu, sabuni kidogo isiyo na marashi, halafu usimsugue na taulo, mgandamize polepole, na ngozi ikiwa bado na unyevu mpake palepale, usingoje avae kwanza. Arudie kila akinawa mikono. Usiku visigino wekea nyingi, na soksi za pamba juu.

Kopo liwe lake peke yake, mchote na kijiko safi, juu shimio inapunguza kinga na vidole vya watoto wote wa nyumba vikiingia mule, vijidudu navyo vinaingia. Kucha akate fupi.

Akipelekwa radioterapi, pale panapopigwa miale asipake kitu bila kuwauliza wanaomhudumia.

Viganja ama nyayo zikiwa nyekundu, zinauma ama zinatoa malengelenge, mjulishe munganga wa hospitali, anaweza kupunguza dozi ya shimio. Homa ikifika 38, hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku.