Blichi juu ya dawa ya kunyoosha nywele, halafu mnauliza kwa nini zinakatika

Zile barua za "nitumie mafuta gani zirefuke" nimeziweka kando, nimeshazijibu mara nyingi. Leo ni zamu ya waliochoma nywele.

Dada, niliweka blichi Desemba. Sasa nikiosha zinavutika kama mpira, kisha zinakatika. Zitapona lini? (Dar es Salaam)

Hazitapona. Unywele ukishatoka nje ya ngozi hauna uhai, kwa hiyo hakuna kopo la kuuponya, hata liandikwe nini. Blichi hufungua magamba ya juu ili iiunguze melanini, yaani rangi ya asili iliyo ndani, na humo humo huvunja viungo vya keratini, protini inayoujenga unywele. Kuvutika bila kurudi ndiyo dalili yake. Unachoweza ni kuzishikilia zilizobaki huku mpya zikiota, kama sentimita moja kwa mwezi. Fanya tritimenti ya protini mara moja moja; ukizidisha zitakakamaa. Kondishena kila unapoosha, na uchane ikiwa bado kichwani, kwa chanuo pana, ukianzia kwenye ncha. Usiku wa kuamkia kuosha, paka mafuta ya nazi: hayo hupenya ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea kwenye kuosha. Pasi weka kabatini. Na ukate ncha, mama. Najua hukutaka kusikia hilo.

Mayai na mayonezi vinarudisha protini?

Kula. Protini ya yai ni kubwa mno kupenya kwenye unywele. Ile ya tritimenti imeshavunjwavunjwa vipande vidogo. Tena ukisuuza kwa maji ya moto, yai litakuivia kichwani.

Nina dawa ya kunyoosha, nataka blondi kabla ya harusi Jumamosi. Msusi anasema volyumu 40 inamaliza haraka. Ni kweli? (Morogoro)

Inamaliza haraka, ndiyo, pamoja na nywele. Volyumu ni kipimo cha ukali wa peroksaidi, maji yanayokorogwa na poda ya blichi: volyumu 40 ni asilimia 12. Volyumu 20 ni asilimia 6. Dawa yako ya kunyoosha imeshavunja viungo vile vile ambavyo blichi inakwenda kuvivunja tena. Msusi asiyekuuliza kichwa kimepita nini kabla ya kukoroga bakuli, inuka uondoke. Anayejua kazi atakata kishungi kidogo kisogoni, akipake mchanganyiko ule ule kwa muda ule ule, akisuuze, akikaushe, kisha akivute. Kikibaki vidoleni mwake, jibu umelipata. Blondi ya Jumamosi ni wigi.

Na nyie wenye saluni, fungueni madirisha. Kemikali ya persulfeti iliyo kwenye poda ya blichi huwaletea wasusi pumu, na anayeivuta kila siku ni yule binti mnayemtuma kukoroga.

Jiki iliyochanganywa na maji inafaa badala ya blichi ya saluni?

Ni ya chooni. Inayeyusha unywele na kuchoma ngozi. Asiniulize mwingine.

Nimepaka hina miaka mingi, naweza kuweka blichi? (Tanga)

Inategemea hina gani. Majani matupu hayana ugomvi mkubwa, ila rangi inaweza kutoka ya chungwa. Pakiti zenye chumvi za madini ndizo hatari: zikikutana na peroksaidi hupata moto, na nywele hukatikia hapo hapo. Kama hujui pakiti yako ilikuwa na nini, jaribu kishungi kwanza.

Na piko mnayochorea mikono kwenye harusi, nyingi ni rangi ya nywele yenye PPD, kemikali inayotia weusi. Ikishakutoa malengelenge mkononi, usiguse tena rangi nyeusi ya nywele yenye PPD. Safari nyingine unaweza kuvimba uso mzima. Hata ambaye hajawahi kuumwa, apake kidogo nyuma ya sikio na asubiri saa 48.

Nisuke rasta zipumzike?

Suka, ila nene na nyepesi, na nywele za mbele ziache. Kichwa kikiuma usiku wa kwanza, fumua usiku huo huo, hata kama umelipa pesa nyingi.