Kwa mkono programu inaingia, asubuhi kompyuta zikiwashwa inagoma

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nahudumia TEHAMA kwenye SACCOS moja yenye kompyuta 45 za Windows, zote ziko kwenye domeni moja, yaani zinasimamiwa kwa pamoja kutoka kwenye seva. Nimechoka kuzunguka na flashi kila toleo jipya la programu ya ofisi LibreOffice linapotoka, nikaandika skripti ya kuisakinisha kimyakimya na kuiweka kwenye Group Policy (mipangilio ya Windows inayotumwa kwa kompyuta zote za domeni) ili ijiendeshe kompyuta inapowaka. Nikiiendesha mwenyewe inafanya kazi safi. Asubuhi watu wakiwasha mashine hakuna kinachotokea, wala ujumbe wa kosa hakuna. Mstari wenyewe, unaoita msiexec, kisakinishi cha Windows, ni huu:

msiexec /i Z:\programu\LibreOffice.msi /qn

Nafikiria kuweka nenosiri la msimamizi ndani ya skripti, huenda tatizo ni ruhusa. Au ninunue programu maalumu ya kazi hii?

JIBU: Nzuri, ndugu. Nenosiri liache kwanza, nitalifikia. Kosa linaanzia kwenye hiyo Z.

Ukiendesha skripti kwa mkono, anayesakinisha ni wewe, na Z: ni folda ya seva iliyounganishwa ulipoingia kwa jina lako. Asubuhi kompyuta inapowaka hakuna mtu aliyeingia. Skripti inaendeshwa na akaunti ya ndani ya Windows iitwayo SYSTEM, nayo hiyo Z: haiijui kabisa. Tena ikigonga mlango wa seva haijitambulishi kwa jina la mtu, bali kwa jina la kompyuta yenyewe. Kwa hiyo andika njia kamili ya folda, kisha lipe kundi la "Domain Computers" haki ya kusoma. Haki hiyo itolewe kote kuwili, kwenye ruhusa za kushirikisha folda na kwenye ruhusa za NTFS, yaani za faili zenyewe kwenye diski ya seva. Wengi hurekebisha upande mmoja wakasahau wa pili.

Skripti iwe hivi:

start /wait msiexec /i "\\seva01\programu\LibreOffice.msi" /qn /norestart /l*v C:\Windows\Temp\libre.log
echo %errorlevel% >> C:\Windows\Temp\libre-jibu.txt

Hiyo /norestart usiidharau. Bila hiyo, /qn (usakinishaji wa kimya) inakiruhusu kisakinishi kuizima na kuiwasha kompyuta pasipo kumuuliza mtu. Mstari wa pili, unaoandika namba ya matokeo, ndio uliokosekana kwako: umeunyamazisha usakinishaji mpaka kwako wewe mwenyewe. Mtumiaji asione kitu, sawa, lakini wewe lazima upate taarifa. Kwenye libre-jibu.txt ukikuta 0, kazi imekwisha. 3010 maana yake imekamilika ila inasubiri kompyuta iwashwe upya. 1618 ni kwamba usakinishaji mwingine unaendelea. 1619, faili la MSI halikuweza kufunguliwa, na hapo mara nyingi ni njia au ruhusa. Ya kuumiza kichwa ni 1603, maana inakwambia tu kwamba imeshindikana. Ukiipata, fungua libre.log, kumbukumbu ya usakinishaji, tafuta maneno "Return value 3", usome mistari iliyo juu yake kidogo. Sababu huwa hapo.

Kabla ya kupeleka popote, jaribu ukiwa umevaa joho la SYSTEM. Chukua PsExec, kifaa cha kuendesha amri kwa akaunti nyingine, inatolewa bure na Microsoft, ifungue kama msimamizi kwa amri psexec -i -s cmd, halafu andika whoami. Ikijibu "nt authority\system", endesha skripti yako humo humo. Ikipita hapo, ndipo uiamini.

Kuna mtego mwingine unaowachosha wengi. Windows 10 na 11, pale uwashaji wa haraka unapokuwa umewezeshwa, mtu akibonyeza kuzima kompyuta haizimiki kikamilifu, na kesho yake ikiwashwa skripti za kuwaka zinaweza zisiendeshwe. Akichagua "Restart" zinaendeshwa. Ndiyo maana utaona mashine tatu zimepata programu na ya nne haina, ilhali zote zinafanana. Zima tabia hiyo kwa kuweka thamani ya rejista HiberbootEnabled kuwa 0, na kwenye Group Policy washa "Always wait for the network at computer startup and logon", kompyuta isianze kabla mtandao haujapatikana.

Sasa nenosiri: hapana. Skripti za Group Policy kwa kawaida hukaa kwenye SYSVOL, folda ya seva inayoshirikishwa domeni nzima, na kila mtumiaji wa domeni anaweza kuzisoma, hata karani wa mapokezi. Isitoshe SYSTEM tayari ina haki zote kwenye kompyuta yake, kwa hiyo nenosiri hilo halitakusaidia kitu. Ninachokiogopa zaidi ni ile folda ya \\seva01\programu. Atakayeweza kubadilisha faili lililomo ataendesha atakacho kwenye kompyuta 45 kwa mamlaka ya juu kabisa, na hizo ni kompyuta zenye fedha za wanachama. Kuandika humo kubaki kwako peke yako.

Kwa matoleo mapya, weka sharti mwanzoni mwa skripti: isome namba ya toleo kwenye soffice.exe, faili linaloiendesha LibreOffice, na ikiwa ni ile unayoitaka iishie hapo, la sivyo msiexec itaitwa kila asubuhi bure. Faili la LibreOffice lina zaidi ya megabaiti 300. Ukilipakua mara moja likakaa kwenye seva, kompyuta zote zinalichukua ndani ya jengo bila kugusa bando. Faida ya kulifanya wakati wa kuwaka ni kwamba hakuna hati iliyofunguliwa, hivyo faili hazijashikwa. Ila Group Policy huipa skripti sekunde 600 tu isipobadilishwa. Kwa mashine zenye diski za zamani ongeza muda huo. Chrome na Firefox ziache, zinajisasisha zenyewe. WSUS, huduma ya Windows ya kusambaza masasisho, nayo usiitegemee hapa, kazi yake ni bidhaa za Microsoft.

Kununua? Kwa kompyuta 45 zilizo jengo moja na domeni moja, bado. Siku mtakapofungua tawi, au maofisa mikopo wakianza kutembea na laptopu ambazo hazirudi ofisini wiki nzima, hapo skripti ya kuwaka haitawafikia, na itakubidi uangalie kitu kama Intune, huduma ya Microsoft ya kusimamia kompyuta, kinachozifikia kupitia intaneti.