Nililipa Ada ya Chama Nikitaka Tenda, Nikaondoka na Kipimajoto

Tangu mkutano wa juzi wa chama chetu cha wakandarasi wa lami hapa Pwani, vijana watatu wameniuliza swali lile lile: nikilipa ada, nitapata tenda? Hupati. Tenda utazisaka mwenyewe. Mimi nilinuna mwaka mzima kwa sababu hiyo, nikawa naenda kwenye chakula cha jioni tu, kupeana kadi na wakurugenzi ambao hawakunipigia simu hata siku moja.

Kisha ikaja kazi ya Likoni, eneo dogo la kuegesha magari. Wakati huo barabara ya Dongo Kundu, inayokwepa feri ya Mombasa, ilikuwa haijatufikisha Pwani ya Kusini, kila kitu kilipita feri. Lori la lami ya moto lilishika foleni saa nne, likavuka saa saba. Turubai lilifunika nusu ya mzigo, nusu nyingine ikaliwa na upepo wa bahari. Lilipomwaga, hata moshi haukuonekana. Vijana wa reki walikuwa wakipasua mabonge kama ugali wa jana. Nikasema twendeni hivyo hivyo, rola italainisha. Wapi! Masika ilipoanza, kokoto zikang'oka moja moja, na kazi nzima nikairudia kwa pesa zangu.

Nilikwenda siku ya mafunzo ya uwanjani ya chama kwa hasira tu, nimebeba kipande cha lami ile kwenye mfuko wa nailoni. Fundi mmoja mzee akakigeuza, akakifikicha kwa kidole gumba, kikamwagika mchanga.

"Ulipima?"

"Nilipima unene, Mzee. Ulikuwa sawa."

"Unene sikukuuliza, mwanangu. Joto."

Akanipeleka kwenye lori lililokuwa likisubiri, akachomeka kipimajoto juu juu: nyuzi 118. Akakisukuma ndani: 149. Lami ya kawaida hutoka mtamboni ikiwa kwenye nyuzi 150 na ushei, na ikishuka chini ya 90 hivi rola inazunguka bure, matundu hayafungi tena. Maji yakipata matundu hayo, kwa mvua zetu za Mei, shughuli imekwisha.

Kwa hiyo ukijiunga, kaa na mafundi na waendesha rola, wakurugenzi waache na picha zao. Nenda na kazi yako iliyoharibika, siyo ile nzuri. Nzuri haina wa kukufunza. Na kabla ya kulipia mafunzo yoyote, uliza kama yatahesabiwa unapohuisha leseni ya NCA, yaani Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi ya Kenya, maana si yote yanayohesabiwa.

Malalamiko ya malipo kuchelewa utayasikia kila kikao. Yana haki, lakini hula saa nzima, nami siku hizi hutoka kidogo kunywa kahawa.

Tangu siku ile kila lori langu hupimwa mara mbili, likitoka mtamboni na likifika, na dereva anajua turubai likiacha pembe wazi hashushi. Mwaka jana nilirudisha mzigo mzima Jomvu. Mwenye mtambo alinikasirikia, tukapigizana kelele mpaka walinzi wakatoka nje.

Mafunzo yajayo ya uwanjani ni mwezi ujao. Kile kipande cha Likoni bado kipo stoo kwangu, nitakuja nacho.