Je, Mtaguso wa Nisea ndio ulioteua vitabu vya Biblia?

SWALI: Mwalimu, nasikia kwamba mwaka 325 Kaisari Konstantino aliwakusanya maaskofu Nisea, wakapiga kura ya kuchagua vitabu vya Biblia na kuvichoma vilivyokataliwa. Je, kuna ushahidi wowote?

JIBU: Ushahidi huo haupo. Mtaguso ulituachia ungamo la imani, barua kwa kanisa la Aleksandria na kanuni 20 za nidhamu, ambazo zinagusa hata makleri (wahudumu wa kanisa) wanaokopesha kwa riba, lakini haziorodheshi kitabu kimoja cha Maandiko. Habari ya kuchoma ina chembe ya ukweli: Konstantino aliamuru maandishi ya Ario, padri aliyehukumiwa na mtaguso huo kwa mafundisho yake juu ya Kristo, yateketezwe. Hayakuwa injili.

Kisa cha uteuzi kinatokana na mkusanyo wa Kigiriki wa karne ya 9, nao hautaji kura: unasimulia kwamba vitabu viliwekwa kando ya altare, maaskofu wakaomba, na vya uongo vikakutwa chini yake. Mwandishi Mfaransa Voltaire alikieneza katika karne ya 18 kwa kukikejeli, na kejeli ikageuka kuwa historia vinywani mwa watu.

Tukirudi nyuma ya Nisea, tunamkuta Irenei, askofu wa Lyon, akitetea injili nne, wala si zaidi wala pungufu, yapata mwaka 180. Tunayo pia mafunjo (hati ya kale iliyoandikwa kwenye karatasi za matete) yanayoitwa P46, ambayo wataalamu wengi huyaweka karibu na mwaka 200: ni kitabu cha nyaraka za Paulo, ambamo Waebrania imewekwa mara baada ya Warumi. Aliyekinakili hakumngoja Konstantino.

Hata hivyo, wanaojibu kwamba orodha ilikuwa imekamilika tangu siku za mitume nao wanapita mpaka. Eusebi wa Kaisaria, aliyehudhuria Nisea, aliandika kwamba Yakobo, Yuda, 2 Petro, 2 Yohane na 3 Yohane bado zilikuwa na ubishi. Orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya kama tunavyovijua inaonekana katika barua ya Pasaka ya Atanasi, askofu wa Aleksandria, ya mwaka 367, miaka 42 baada ya mtaguso. Kuhusu Agano la Kale, mjadala ulidumu zaidi: Kanisa Katoliki lilitamka orodha yake rasmi katika Mtaguso wa Trento mwaka 1546, Waprotestanti wakaviacha vitabu vya deuterokanoni (vya Agano la Kale ambavyo Wakatoliki wanavikubali, kama Tobiti na Wamakabayo) nje ya orodha yao, na Kanisa la Ethiopia lina hesabu yake ya vitabu 81.